Damu ndani ya jicho la mtoto baada ya pigo: namna ya kuitibu na kuizuia isirudi

Mpira, jiwe, ngumi, kiwiko cha mwenzake, kamba ya mpira iliyofyatuka: kitu butu kikimpiga mtoto jichoni, jicho hubonyea kutoka mbele kwenda nyuma. Limejaa maji, na maji hayashindiliki, kwa hiyo hutanuka pembeni. Kutanuka huko ndiko kunakochana shina la irisi, ile sehemu yenye rangi, mahali penye mduara wa mishipa midogo ya damu. Damu humwagikia kwenye chumba cha mbele cha jicho, yaani nafasi iliyo kati ya irisi na konea, kile kioo cha mbele. Wataalamu wa macho huiita haifema.

Chumba hicho kina maji maangavu yanayotengenezwa mfululizo na kutoka mfululizo kupitia chujio lililo pembeni, pale irisi inapokutana na konea. Chembe za damu zikiziba chujio, maji huendelea kutengenezwa lakini hayatoki, na presha ya jicho hupanda. Presha ikikaa juu huua mshipa wa fahamu wa jicho. Chumba kikiwa kimejaa damu, presha hiyo huisukuma rangi ya damu iingie ndani ya konea na kuitia doa.

Mshipa uliochanika huzibwa na donge la damu. Kati ya siku ya 2 na ya 5 donge husinyaa na kuanza kuyeyuka kabla mshipa haujapona sawasawa, na hapo damu inaweza kutoka upya. Hiyo ya pili mara nyingi ni nyingi kuliko ya kwanza, na ndiyo inayoleta presha kali, doa la konea na upasuaji. Ubaya ni kwamba siku ya 3 ndiyo mtoto anapoacha kulia na kuomba aende kucheza, na ndiyo mzazi anapoona safari ya kliniki haina maana tena. Karibu kila hatua inayofuata hapa imewekwa kwa ajili ya siku hizo tano.

Dakika za kwanza

Usilibonyeze jicho, usilifute, usilisafishe kwa maji (maji ni kwa jicho lililoingiwa na kemikali, hilo ni suala jingine). Usitie dawa ya matone iliyobaki nyumbani. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inafaa kwa shavu lililochubuka. Ukiiweka juu ya jicho lenyewe unalibonyeza bila kujua, tena jicho ambalo huenda limepasuka.

Mkalishe mtoto wima, kisha funika jicho kwa kinga ngumu. Kinga hiyo inakaa juu ya mifupa, wa nyusi na wa shavu, na haigusi kope. Kama huna ya kiwandani, kata duara la kadi ngumu au filamu ya eksirei lenye kipenyo cha sentimita 8 hivi. Likate mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, pishanisha kingo mbili za mkato mpaka duara liwe kofia fupi yenye ncha, ubane kwa plasta. Ncha iangalie nje. Ibandike kwa vipande viwili vya plasta vinavyotoka paji la uso kwenda shavuni kwa mshazari. Chini yake usiweke pamba wala bandeji. Kosa la kawaida kabisa ni kulifunga jicho kwa pamba nene na kulikaza, na hapo kinga inageuka kuwa kibonyezo.

Kwa maumivu mpe parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi dozi 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 16 anapata miligramu 240. Kwa shira ya miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 10. Kwa shira ya miligramu 250 katika mililita 5, ni mililita 4.8. Soma lebo kabla ya kupima, maana shira hizi mbili hufanana na dozi zake ni tofauti kwa zaidi ya mara mbili. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usimpe: zinadhoofisha uwezo wa chembe sahani, zile chembe za damu zinazojenga donge, kushikamana, na donge unalolitegemea ndilo hilo. Kama mtoto alikunywa mojawapo asubuhi hiyo kwa sababu nyingine, mwambie daktari.

Asile wala asinywe zaidi mpaka mtu wa macho amwone na kuamua kama kuna upasuaji. Kisha mpelekeni siku hiyohiyo. Haifema haisubiri kesho.

Kuiona damu yenyewe

Wengi huchanganya damu hii na wekundu wa sehemu nyeupe ya jicho. Damu iliyo chini ya ngozi laini ya sehemu nyeupe inatisha kwa macho lakini peke yake haina madhara. Unayoitafuta iko mbele ya rangi ya jicho. Mkalishe mtoto wima kwa dakika kama kumi, kisha mulika kwa tochi kutoka upande wa sikio, mwanga ukipita sambamba na irisi badala ya kuingia moja kwa moja kwenye mboni. Utaona mstari ulionyooka kama wa maji kwenye bilauri, chini yake ni nyekundu au kahawia iliyokolea. Ukimtazama akiwa amelala, damu husambaa na mstari hupotea. Ndiyo maana wengine huandika “jicho ni zuri” kisha saa mbili baadaye mtoto akikaa damu inaonekana. Kwenye macho meusi, tabaka jembamba la damu hufanana mno na rangi ya irisi yenyewe, kwa hiyo linganisha jicho na jicho.

Andika kimo cha damu kwa milimita kutoka ukingo wa chini wa konea, pamoja na daraja. Daraja la 1 ni chini ya theluthi ya chumba. La 2 ni kati ya theluthi na nusu. La 3 limepita nusu lakini halijajaa. La 4 ni chumba kizima. Kuna hali ndogo kuliko zote hizi ambayo chembe za damu huelea tu bila kutua, na huonekana kwa darubini ya macho pekee. Na kuna ile mbaya zaidi: chumba kizima kimejaa donge jeusi, hakuna mwanga unaopita, oksijeni haifiki na maji hayazunguki.

Piga picha kwa simu, mtoto akiwa amekaa, umbali uleule na mwanga uleule kila siku. Picha hizo zitakuambia siku ya 3 kile ambacho kumbukumbu haiwezi.

Hakikisha jicho halijapasuka

Hili linatangulia dawa zote. Pigo butu linaweza kulipasua jicho mahali ukuta wake ulipo mwembamba, nyuma ya misuli au kwenye ukingo wa konea, bila kidonda cha kuonekana kwa urahisi. Shuku mpasuko ukiona mboni iliyochongoka kama tone la maji, kitu cheusi au cha kahawia kikichungulia kwenye sehemu nyeupe, damu iliyovimba kama puto kuzunguka konea yote, chumba cha mbele kilichobonyea au chenye kina kisicho cha kawaida ukilinganisha na jicho la pili, au jicho linaloonekana kulegea. Ukitia fluoresini, rangi ya kupimia konea, na kumulika kwa mwanga wa buluu, maji yanayovuja hujionyesha kama kijito kinachoikata rangi ya kijani. Lakini kama dalili nyingine ziko wazi, hata kipimo hicho achana nacho.

Ukishuku, simama hapo. Hakuna matone, hakuna kupima presha ya jicho, hakuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachogusa kope. Weka kinga ngumu, mzuie kutapika kwa ondansetroni, miligramu 0.15 kwa kilo, isizidi miligramu 4 kwa dozi, kwa sababu kutapika kunakamua vilivyomo nje ya jicho. Anza antibiotiki ya mshipani, angalia chanjo ya pepopunda, mweke bila chakula, mpeleke panapofanyika upasuaji.

Mambo mengine matatu hujificha nyuma ya jicho jekundu.

La kwanza ni kichwa. Watoto wenye haifema husinzia kuliko kawaida, hilo linajulikana, lakini usingizi huo usiuite wa jicho mpaka jeraha la ubongo limeondolewa kwenye hesabu.

La pili ni mfupa wa sakafu ya tundu la jicho. Mifupa ya mtoto hupinda, huachia mwanya kisha hurudi kama mlango wa mtego, na msuli wa jicho hubanwa humo. Mtoto anatapika, mapigo ya moyo yanakuwa ya polepole, jicho halipandi juu akiambiwa atazame dari, na huenda halina hata uvimbe. Huyo anahitaji upasuaji ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo msuli unakufa.

La tatu ni maelezo yasiyolingana na jeraha. Mtoto mchanga mwenye damu jichoni na hakuna aliyeona ajali anahitaji kukaguliwa mwili mzima kwa dalili za kupigwa. Na kama kweli hakuna pigo, fikiria ugonjwa wa damu kutoganda, saratani ya damu, au uvimbe ndani ya jicho. Kwa mtoto mdogo, uvimbe wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ukiwemo.

Vipimo vya kliniki

Pima uwezo wa kuona kwa kila jicho peke yake kabla ya chochote. Mkubwa atasoma chati. Mdogo atahesabu vidole au kufuata kidoli. Ambaye chumba cha jicho kimejaa damu huenda anaona mwanga tu, nawe andika hivyohivyo. Tazama mboni kabla hujatia atropini, kwa sababu ukishaitanua huwezi kuirudia kwa wiki nzima au zaidi. Mboni ya jicho lililoumia mara nyingi imechanika na haikazi. Usikwame hapo: itazame mboni ya jicho zima wakati unahamisha mwanga kutoka jicho moja kwenda jingine. Kama mboni ya jicho zima inatanuka kila unapomulika lililoumia, mshipa wa fahamu au retina ya upande ule ina shida kubwa kuliko haifema unayoiona.

Presha ya jicho ipimwe kwa kifaa chepesi kinachogusa konea kwa nukta moja na kuruka, ambacho watoto wengi hukivumilia bila ganzi. Kawaida ni mmHg (milimita za zebaki) 10 hadi 21. Mtoto anayelia na kukaza macho hutoa namba kubwa ya uongo. Subiri atulie upime tena kabla hujaandika 34. Kama damu imeziba mboni na huoni nyuma, na una hakika jicho halijapasuka, kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya kope lililofumbwa, kwa jeli nyingi na mkono mwepesi, kitaonyesha kama retina imebanduka, kama lenzi iliyo nyuma ya mboni imetoka mahali pake, au kama kuna damu nyuma ya lenzi pia.

Kipimo cha damu kisichoachwa ni cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu, kwa kila mtoto ambaye hali yake haijulikani na ambaye ukoo wake unaweza kuwa nayo. Hata mwenye kurithi upande mmoja tu, ambaye hajawahi kuumwa siku moja maishani, yumo hatarini. Ndani ya chumba cha jicho oksijeni ni kidogo na asidi ni nyingi. Chembe zake hujikunja mundu, haziwezi kupita kwenye chujio, na presha hupanda hata damu ikiwa ndogo. Tena mshipa wake wa fahamu hufa kwa presha ambayo mtoto mwingine angeihimili. Kipimo cha haraka kikitoa jibu la ndiyo hakitofautishi mgonjwa na mwenye chembe upande mmoja, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kudanganya. Thibitisha kwa kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini.

Dawa

Atropini ya asilimia 1, tone moja mara moja au mbili kwa siku, inalaza misuli ya ndani ya jicho. Maumivu hupungua, irisi haijikunji na kujikunjua juu ya mshipa uliochanika, na haigandi kwenye lenzi. Kwa mtoto mchanga, dawa nyepesi kama siklopentoleti ya asilimia 0.5 ni salama zaidi. Usiidharau atropini: tone moja lina kama nusu miligramu ya dawa, na chupa ya mililita 5 ina miligramu 50, kiasi cha kumuua mtoto akiinywa. Ifungie. Uso ukimwiva, ngozi ikawa moto na kavu, moyo ukienda mbio au akaanza kuweweseka, dawa imeingia mwilini kupita kiasi. Acha na umrudishe hospitali.

Steroidi ya matone, prednisoloni ya asilimia 1 mara 4 kwa siku au deksamethasoni ya asilimia 0.1, hutuliza uvimbe wa ndani na huenda ikapunguza hatari ya damu kurudi. Kabla ya kuianza, fluoresini itumike kuangalia kama konea imechubuka, kwa kuwa steroidi juu ya mchubuko huchelewesha kupona na hufungulia maambukizi mlango. Damu ikishakwisha, dawa hupunguzwa hatua kwa hatua. Watoto wengi presha yao hupanda kwa steroidi yenyewe, hivyo asiyeweza kupima presha ya jicho asiiandike peke yake.

Asidi ya traneksamiki hulifanya donge lisiyeyuke mapema. Dozi ni miligramu 25 kwa kilo, kwa mdomo, mara 3 kwa siku kwa siku 5, dozi moja isipite gramu 1.5. Inapunguza damu kurudi. Kwamba inampa mtoto uwezo mzuri zaidi wa kuona mwishoni, hilo halijaonekana wazi. Kwa hiyo hatuipi kila jicho lenye mstari mwembamba. Ina nafasi kwa damu nyingi, kwa aliyevuja mara ya pili, au kwa asiyeweza kulindwa vizuri. Asipewe mwenye figo mbovu au aliyewahi kupata donge la damu mshipani, na kwa mwenye selimundu ni heri kuiacha.

Presha ikipanda

Timololi, ukianza na ya asilimia 0.25 mara 2 kwa siku, ndiyo ya kwanza, isipokuwa mtoto ana pumu au moyo unaokwenda polepole. Dorzolamidi ya asilimia 2 mara 3 kwa siku huongezwa. Brimonidini ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa humlaza na kumsahaulisha kupumua, na hata kwa wa chini ya miaka 6 tunaikwepa. Pilokapini na matone ya jamii ya latanoprosti hayafai hapa, yanachochea uvimbe wa ndani.

Zisipotosha, asetazolamidi kwa mdomo, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila saa 6 hadi 8, jumla ya siku isipite miligramu 30 kwa kilo wala gramu 1. Kwa presha inayotisha, manitoli ya asilimia 20 mshipani, gramu 1 kwa kilo, yaani mililita 5 kwa kilo, kwa dakika 45. Kwa mtoto wa kilo 16 ni mililita 80. Manitoli iliyokaa kwenye baridi hufanya fuwele kama sukari iliyoganda. Inua mfuko uutazame kwenye mwanga, zikiwemo upashe joto mpaka ziyeyuke, uache upoe, utumie mpira wa dripu wenye chujio.

Mwenye selimundu ana orodha yake. Asetazolamidi huongeza asidi mwilini na kuzikunja chembe zaidi, hivyo asipewe. Dorzolamidi nayo ni bora kuikwepa, na manitoli isirudiwe-rudiwe kwa kuwa hukausha mwili. Hapo timololi na kisu vinabeba mzigo, na kisu hakicheleweshwi.

Siku tano nyumbani

Wanaolazwa ni wenye selimundu, wenye damu iliyopita nusu ya chumba, presha iliyopanda, damu isiyoganda vizuri, waliovuja tena, wadogo wasiotulia, na wale ambao kwao ni mbali au mazingira ya nyumbani yanatia shaka. Wengine wanaweza kukaa nyumbani wakionwa kila siku mpaka siku ya 5.

Kulala kitandani kama gogo si lazima. Utulivu wa kutembea chooni na kukaa kiti unatosha. Asikimbie, asiruke, asibebe kitu kizito, asiiname kufunga viatu. Televisheni ya mbali haina neno. Choo kigumu kitibiwe mapema, kwani kujikamua kunapandisha presha.

Kichwa kiinuliwe nyuzi 30, mchana na usiku. Damu hutua chini, mboni inabaki wazi, na mstari unasomeka. Mito iliyorundikwa haifai: kufikia usiku wa manane mtoto ameshateleza, shingo imejikunja na kichwa kiko chini. Inua godoro lenyewe kutoka kiunoni. Kama sehemu unayoinua ina urefu wa sentimita 80, ncha ya kichwani iwe juu sentimita 40, ukiziba nafasi ya chini kwa blanketi zilizokunjwa ngumu. Alale chali au upande wa jicho zima. Kinga ngumu ivaliwe saa 24, hata usingizini, ambako ndiko mikono inakofikicha; hutolewa kwa dawa tu. Ina matundu au inapitisha mwanga? Vizuri, jicho liendelee kuona.

Kumtilia matone mtoto anayekaza kope ni kazi yenye ujanja wake. Kumkamata kwa nguvu na kumpanua kope kunapandisha presha kuliko kitu kingine chochote atakachofanya siku hiyo. Mlaze chali, mwambie, “Fumba macho, mwanangu, jifanye umelala.” Dondosha tone kwenye kona ya ndani, pale pua na kope zinapokutana, akiwa amefumba. Kisha, “Haya, fumbua.” Tone linajiingilia lenyewe. Bonyeza taratibu kwa ncha ya kidole kwenye mfupa wa pua kando ya kona hiyo, bila kugusa jicho, kwa dakika moja au mbili, ili dawa isiteremke puani na kuingia mwilini. Kwa atropini na timololi hili lina maana kubwa. Subiri dakika 5 kati ya dawa na dawa, kwa kuwa tone la pili huosha la kwanza. Ncha ya chupa isiguse kope.

Kila asubuhi, akiwa amekaa, tazama mstari na upige picha. Damu inayokwisha hushuka na kugeuka kahawia. Ndogo huisha kwa siku 5 au 6. Mrudishe usiku uleule ukiona mstari umepanda, ukiona nyekundu mbichi juu ya ile nyeusi ya zamani, maumivu yameanza upya, anatapika, analalamika kichwa, au anaona hafifu kuliko jana. Kutapika siku ya 3 au ya 4 mara nyingi watu hukusingizia tumbo. Kwa mtoto huyu ni presha ya jicho mpaka ipimwe.

Wakati wa kuosha chumba cha jicho

Haifema nyingi huisha zenyewe. Daktari hufungua tundu dogo ukingoni mwa konea na kuosha damu pale presha inapofika mmHg 50 kwa siku 5, au 35 kwa siku 7, bila kushuka kwa dawa. Pale chumba kimejaa na presha imekaa 25 au zaidi kwa siku 5 hivi. Pale konea inapoanza kuonyesha doa. Au damu inapobaki zaidi ya nusu ya chumba siku ya 8, kwa kuwa irisi huanza kugandamana na pembe ya chujio. Mwenye selimundu hangojei hayo: presha ya 24 au zaidi kwa saa 24 inatosha.

Namba hizo ni za watu wa umri wote. Kwa mtoto wa chini ya miaka 8 kuna sababu ya kuzitangulia. Doa la konea linaweza kuchukua miezi, hata zaidi ya mwaka, kujifuta, na ubongo wa mtoto hausubiri. Hulizoea jicho zima na kulisahau lile lililoziba, na hata konea ikisafika jicho linabaki vivu. Daktari akiosha, halazimiki kutoa donge lote. Kuvuta donge lililoshikamana na irisi ni kumwagisha damu upya mezani. Kutoa chembe zinazoelea kunatosha kushusha presha.

Baada ya damu kwisha

Michezo, kuruka na kupigana mieleka na ndugu zake visubiri kwa wiki 2 tangu damu iishe, au zaidi daktari akisema. Mboni iliyotanuliwa kwa atropini itabaki kubwa kwa siku 7 hadi 14. Jua litamsumbua na herufi za karibu atazikosa, waelezeni walimu.

Baada ya kama wiki 4 jicho likitulia, daktari hukagua pembe ya chujio kwa lenzi maalumu yenye kioo na kutazama retina hadi ukingoni kwa kubonyeza nje ya ukuta wa jicho. Vipimo hivi viwili havifanywi wiki ya kwanza kwa sababu vyote vinabonyeza. Retina iliyochanika ukingoni kwa watoto hubanduka polepole sana, miezi kadhaa, bila maumivu. Na pembe iliyochanika, hasa ikizidi nusu ya mduara, inaweza kuleta glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho unaoua mshipa wa fahamu, miaka mingi baadaye, mtoto akiwa mtu mzima mwenye watoto wake na ameshasahau jiwe. Presha ipimwe kila mwaka maisha yake yote.

Mtoto ambaye jicho moja limebaki hafifu avae miwani ya polikaboneti, plastiki isiyovunjika kirahisi, kila siku, hata kama hahitaji lenzi za namba, ya kulinda lile zima. Kwenye kadi yake ya kliniki andikeni jicho lipi, tarehe ya pigo, presha ya juu iliyofikiwa, jibu la selimundu, na pembe ilichanika nyuzi ngapi kati ya 360.